Nimeundiwa titi jipya, mbona moyo haujatulia?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 43, fundi cherehani hapa Mombasa. Nashona madera, sare za shule na nguo za harusi. Kazi nimeirithi kwa marehemu mama, na alinifunza jambo moja ambalo limekuwa tabia yangu hadi leo: ukikosea nusu inchi, fumua. Hata mteja asipoona, fumua.

Miaka mitatu iliyopita, nikioga, niligusa kitu kwenye titi la kushoto, kidogo kama punje ya kunde. Mume wangu aligusa asikipate. Nesi wa kwanza naye hakukipata. Nikang'ang'ania hadi nikapimwa, ikawa saratani. Titi likaondolewa lote, nikapata kemo, kisha mionzi. Tangu hapo vipimo vinatoka vizuri, alhamdulillahi.

Nikawa navaa sidiria niliyoishona mwenyewe, upande mmoja nimejaza sufi. Mombasa unaijua kwa joto. Jasho likilowanisha sufi, yote inashuka chini, nami nakimbilia chooni kuipandisha. Siku moja nampima bibi harusi, nimeinama kuchukua urefu wa pindo, ile sufi ikachungulia shingoni mwa dera langu mbele ya mama mkwe wake mtarajiwa. Hakuna aliyesema neno. Usiku ule nikamwambia mume wangu nataka kuundiwa titi.

Watu walichanga, Shangazi. Kaka zangu, majirani, wanawake wa chama chetu, hata wateja. Nikaenda India. Miezi minane iliyopita madaktari walichukua ngozi na mafuta ya tumboni mwangu wakaniundia titi. Kovu la tumbo linaanza nyonga hii linaishia nyonga ile.

Kwenye nyumba ya wageni tuliyofikia nilikutana na dada mmoja wa Tanga. Upasuaji ule ule, daktari yule yule, tulipishana siku mbili. Yeye kidonda kilichelewa kufunga, na sehemu ya titi lake imekuwa ngumu kama kokwa la embe. Mimi sikupata tatizo lolote. Daktari aliniambia kazi yangu imetoka vizuri kuliko alivyotarajia. Lakini mwenye furaha ni yeye! Ananitumia ujumbe wa sauti akicheka, ameshona gauni la shingo wazi, amekwenda harusini akacheza mpaka usiku mkubwa.

Mimi kila alfajiri, kabla watoto hawajaamka, najifungia bafuni na tepu. Napima kutoka kishimo cha koo hadi katikati ya titi, kulia kisha kushoto. Tofauti ni sentimita moja na robo, siku nyingine moja na nusu. Naandika kwenye daftari la wateja, ukurasa wa mwisho. Nikimaliza kupima natomasa, na kutomasa tena, hadi upande wenye hisia unauma.

Upande wa pili hauna hisia. Mwezi uliopita nilikuwa napiga pasi, nikainama kuokota uzi, nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Lilikuwa dera langu, limegusa pasi. Kuvua, naona alama nyekundu ya ncha ya pasi juu ya titi jipya, na sikuwa nimesikia chochote. Nilikaa sakafuni nikalia. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu maumivu hayakuwepo.

Mume wangu ni mtu mwema. Ananiambia, "Mimi sioni tofauti." Neno hilo linanichoma kuliko tusi. Taa siku hizi nazima mimi kabla hajaingia chumbani. Idi iliyopita aliniletea kitambaa kizuri, pamba ya rangi ya zambarau, yadi nne. Hadi leo kiko kwenye droo ya cherehani. Nashindwa kukikata. Sijui nikate kwa kipimo cha titi lipi.

Mama mdogo ananiambia sina shukrani. "Watu wamechanga, wengine wamekufa wakisubiri, wewe unalilia sentimita." Dada yangu anasema nilizaliwa hivi: usiku wa mtihani silali, mtoto akichelewa kutoka shule mimi nimeshamzika. Ni kweli, siwezi kukataa.

Nina maswali mawili. Je, ni hulka yangu inayoniharibia neema niliyopewa? Na je, nirudi India wanisawazishe? Daktari anasema inawezekana. Nimeanza kuweka pesa pembeni, mume wangu hajui. Tamoksifeni, ile dawa ya kuzuia saratani isirudi, nameza kila usiku, joto linanipanda, usingizi wangu haufiki saa nne kwa usiku.

Ni mimi,
Fundi wa Mombasa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama kwenye ile pasi. Acha nianzie hapo, maana hilo halingoji. Ngozi iliyotolewa tumboni ilikatwa mishipa yake ya fahamu ilipohamishwa. Damu inapita, ngozi ni hai, lakini habari za moto na baridi haziifikii akili yako. Hisia kiasi huweza kurudi polepole, kwa miezi na hata miaka, na mara nyingi hazirudi zote. Kwa hiyo kwa sasa macho na mikono yako ndiyo ngozi ya upande huo. Vaa aproni nzito unapopiga pasi, hata kama joto linakuudhi. Pasi isimamishe mbali na ukingo wa meza kabla hujainama. Maji ya kuoga yajaribu kwa mkono wa kulia. Usiweke chupa ya maji moto kifuani. Na kama ile alama ilifanya malengelenge, ikatoa maji au haijapona hadi leo, ipeleke kliniki wiki hii.

Kilio chako pale sakafuni nimekielewa. Ulikuwa umepewa kitu kinachofanana na wewe, kisha ukagundua kwamba hakikujui. Hakuna aliyekuandaa kwa hilo, na ni msiba kama misiba mingine. Ulistahili kulia.

Sasa hulka. Dada yako amesema kweli, ila ameisema kama lawama. Wataalamu wa saikolojia hugawa hulka za watu katika mafungu makubwa matano, na mojawapo ni huu wepesi wa moyo kutaharuki: mtu huliona jambo baya likija kabla halijakunja kona. Kila mmoja wetu anao, wengine kidogo, wengine tele. Haujaitwa ugonjwa, na hauna uhusiano wowote na udhaifu wa imani. Mmarekani mmoja, Charles Spielberger, alitunga hojaji inayotenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya: wasiwasi wa saa hii, kama ule wa kusubiri majibu ya kipimo, na wasiwasi ambao ni maumbile ya mtu, anaoamka nao hata siku ambayo hakuna habari yoyote.

Watafiti wa Tilburg, Uholanzi, walifanya utafiti kwa wanawake waliofika hospitali na uvimbe kwenye titi. Waliwauliza kuhusu hulka zao mapema, kabla hata hawajajua kama ni saratani au la. Kisha wakawafuata baada ya matibabu. Wale waliokuwa na wasiwasi wa maumbile tangu mwanzo ndio waliokuwa wakiona maisha ni mazito baadaye, na hulka hiyo ilieleza hali zao kuliko aina ya upasuaji waliofanyiwa. Nakuandikia haya ili uache kujishangaa. Wewe na mwenzako wa Tanga mlilazwa kwenye meza moja ya upasuaji, lakini kila mmoja aliamka akiwa ni yule yule aliyelala. Kisu hakigusi hulka.

Kuna hojaji nyingine, hii ya matiti hasa, inaitwa BREAST-Q, ilitangazwa mwaka 2009 na watafiti wa Marekani na Kanada. Nimeipenda kwa sababu moja. Haimwulizi mwanamke swali moja la jumla kwamba ameridhika au la. Inauliza peke yake kuhusu umbo, peke yake kuhusu hali ya moyo na kujiamini, peke yake kuhusu mwili na maumivu, na peke yake kuhusu tendo la ndoa. Kila fungu lina alama zake. Mtu anaweza kupata alama za juu kwenye umbo na za chini kabisa kwenye moyo. Ndiyo hali yako. Mwenzako, mwenye lile kokwa gumu, kama anavyosikika ni kinyume chake. Daktari wako aliposema kazi imetoka vizuri, alijibu fungu moja tu, lile alilolifanya kwa mikono yake. Hakusema uongo. Ila mengine matatu hayakuulizwa na mtu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: ndiyo, hulka yako ina mkono wake katika uchungu huu, na hapana, si hulka mbovu. Ile punje ya kunde, ni nani aliyeigusa? Mumeo hakuipata. Nesi hakuipata. Aliyeing'ang'ania ni huyu huyu anayemzika mtoto akichelewa shule. Mwanangu, wasiwasi wako ndio uliokufikisha hospitali mapema. Huwezi leo kuutukana kana kwamba haujawahi kukufanyia kazi. Tatizo ni kwamba umeendelea kulinda zamu, usiku na mchana, na hujapata wa kukupokea.

Mama mdogo naye nimemsikia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mjibu kwa adabu, maana anakupenda na yeye pia ameogopa: "Mama mdogo, nashukuru kila shilingi, na bado naomboleza titi langu. Vyote viwili ni vyangu." Kisha usiendelee kujitetea. Waliochanga walichanga ili upone. Hakuna aliyenunua machozi yako.

Tuje kwenye tepu, na hapa nazungumza na fundi. Kwa miaka yote umepima vifua vya wanawake wa mji mzima. Niambie, ni wangapi uliowakuta wana matiti mawili yanayolingana? Najua jibu, kwa sababu mafundi wote wanalijua na hawalisemi: karibu hakuna. Bega moja liko chini, titi moja limejaa zaidi, nawe unaficha kwa mshono, unanyamaza, mteja anatoka akiwa anang'aa. Hao wanawake hawajawahi kuguswa na kisu. Wewe unajidai sentimita sifuri ambayo hujawahi kuiona kwa binadamu yeyote. Na ile tofauti ya moja na robo leo, moja na nusu kesho? Titi halikusogea usiku. Ni pumzi, ni namna ulivyosimama, ni mkono wako unaotetemeka saa kumi na moja ya alfajiri baada ya usingizi usiofika saa nne. Ungekuwa unampima mteja, ungemwambia, mama, simama vizuri turudie.

Lakini naomba usome tena sentensi yako mwenyewe. Umeandika kwamba ukimaliza kupima, unatomasa, na kutomasa tena. Nadhani tepu ni mlango tu. Kinachotafutwa humo bafuni ni punje nyingine ya kunde. Kama nimekosea utanisamehe. Kama nimepatia, basi hata wakikusawazisha hadi milimita ya mwisho, alfajiri inayofuata utakuwa bafuni.

Basi tuizungumzie hofu yenyewe waziwazi. Kuundiwa titi hakuongezi uwezekano wa saratani kurudi, na titi lililoundwa kwa mafuta ya tumbo haliifichi kwa namna ya kuogofya madaktari. Uvimbe mgumu kwenye titi la aina hii mara nyingi ni mafuta yaliyokosa damu yakafa, kama lile kokwa la mwenzako. Hata hivyo, uvimbe wowote mpya hauhukumiwi na vidole vya mwenyewe wala vya Shangazi, unapelekwa ukapigwe ultrasaundi. Titi la kulia, lile ulilozaliwa nalo, lipigwe mamogramu, yaani eksirei ya titi, kila mwaka au kama daktari wako wa saratani alivyopanga. Yasiyongoja ni uvimbe mpya, ngozi inayobadilika rangi au kuvutika, mkono wa kushoto unaovimba, maumivu ya mifupa yasiyoondoka, au kukonda na kukosa pumzi bila sababu. Yaandike haya nyuma ya mlango wa bafu ukitaka. Kisha hiyo tepu irudi kwenye chumba cha kushonea, ilale huko.

Chagua tarehe moja ya kila mwezi ya kujikagua, dakika tano, kwa kiganja kilicholegea. Nje ya tarehe hiyo, mikono iachane na titi. Siku za mwanzo utahisi umemwacha mtoto mchanga sokoni. Hiyo ndiyo dalili kwamba tabia hii ilikuwa imekushika, na hupungua kadiri unavyovumilia. Hofu nazo zipe saa yake. Washauri wengi hutumia njia hii: kila alasiri, dakika 20, kaa na lile daftari, ukurasa ule ule wa mwisho, uandike kila linalokutisha bila kulipunguza. Likikujia saa tisa usiku, liambie, nitakuandika alasiri. Najua linasikika kama jambo la kitoto. Mtu wa hulka yako hawezi kuambiwa "usiwe na wasiwasi" akatii, lakini anaweza sana kufuata ratiba, na wewe ni mtu wa ratiba na vipimo. Tuitumie hulka yako hiyo hiyo.

Usiku nao una sababu zake nyingine. Tamoksifeni huleta hilo joto linalopanda, huvunja usingizi, na kwa baadhi ya wanawake hushusha moyo. Usiiache kwa uamuzi wako, wala usiruke siku. Nenda kwa daktari wako wa saratani umweleze kuhusu zile saa nne, maana joto hilo lina namna za kulipunguza. Na hapa nisikilize kwa makini: ukipewa dawa ya kutuliza moyo au ya sonona na daktari mwingine, mwambie kabla hajaandika kwamba unatumia tamoksifeni. Ziko dawa za kundi hilo, paroksetini na fluoksetini hasa, ambazo huzuia ini kuigeuza tamoksifeni iwe ile dawa inayofanya kazi. Ziko nyingine zisizo na tatizo hilo. Daktari akijua atachagua vizuri.

Tafuta pia mtu wa kuzungumza naye aliyesomea kazi hiyo. Hospitali Kuu ya Pwani hapo Mombasa ina kituo cha saratani. Uliza pale kuhusu mshauri nasaha, na uulize kwa jina hilo, kwa sababu usipouliza watakupima damu na kukuaga. Tiba ya mazungumzo, ile inayofundisha mtu kuyahoji mawazo yake na kubadilisha mazoea kama haya ya bafuni, inasaidia watu wenye wasiwasi wa maumbile. Haitakufanya uwe dada wa Tanga. Itakupa nafasi ya kupumua ukiwa wewe. Na ikitokea moyo umekuwa mzito kila siku kwa wiki mbili, hakuna unachokifurahia, au fikra za kutotaka kuishi zimeanza kukujia, usingoje miadi wala barua yangu. Mwambie mumeo, mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Swali la pili, la kurudi India. Sikukatazi. Upasuaji wa pili wa kurekebisha ni jambo la kawaida baada ya kuundiwa titi: madaktari huhamisha mafuta kidogo kujaza palipobonyea, hupunguza au kuinua titi la upande usiougua, huunda chuchu, na wapo wanaochora duara lake kwa wino. Wanawake wengi husema ni chuchu iliyowafanya waache kuliona kama kiraka. Kutaka hayo si tamaa. Ila wewe ni fundi, na fundi hakati pamba mpya kabla haijafuliwa, kwa sababu anajua itarudi. Miezi minane ni pamba iliyotoka dukani. Uvimbe bado unashuka, na makovu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kukomaa. Ukiongeza uzito titi hilo linaweza kuongezeka, ukipungua nalo likapungua, maana mafuta yake bado ni yale yale ya tumbo.

Kabla hujalipa nauli, kamilisha sentensi hii kwa maneno machache: "Nikisawazishwa, nitaweza..." Ukiandika, nitaweza kuvaa sidiria ya kawaida bila kuijaza, au nitaweza kuvaa gauni la shingo wazi, hayo daktari anaweza kuyafanyia kazi, mpelekee hivyo hivyo. Ukiandika, nitaweza kulala, au nitaacha kuogopa, basi pesa hizo zishike kwanza, kwa sababu hakuna daktari wa upasuaji duniani anayeuza hilo. Na muulize mambo yasiyopendeza: atakata wapi, je, atagusa titi la kulia ambalo bado lina hisia zake, na ikiwa matokeo yatakuwa tofauti ya nusu sentimita, yeye ataita hayo mafanikio? Wewe je?

Pesa za siri mwambie mumeo. Sikulaumu kwa kuzificha, ila upasuaji uliopangwa gizani utauguzwa gizani, na ulipotoka India mara ya kwanza ni yeye aliyekuosha nywele, au nimekosea?

Huyu bwana wa "sioni tofauti". Anadhani anakupa dawa. Ametafuta neno la upole kuliko yote aliyokuwa nayo, na kwako likageuka kuwa neno la kufuta yote uliyopitia. Hatajua mpaka umwambie. Mwambie mchana, mkiwa mmevaa nguo zenu, labda mkinywa chai: "Nataka uione tofauti. Uione, na ubaki." Akikosa la kusema, mwache akae kimya, kimya chake pia ni kuona. Mambo ya chumbani yasiharakishwe. Katika mafungu yote manne ya ile hojaji, hilo la tendo la ndoa ndilo ambalo kwa wanawake wengi hukaa chini kuliko mengine, kwa hiyo usidhani umeachwa nyuma na wenzako. Siku moja usizime taa ya ukumbini, mlango uwe nusu. Mwoneshe mwenyewe mahali penye hisia na mahali pasipo nazo, umwekee mkono wake hapo. Hilo la kutosikia ni bora alijue kutoka kwako kuliko kulibahatisha.

Na yule wa Tanga, usimfanye kioo. Wewe unazisikia sauti zake za mchana tu. Mtumie yako siku moja, ya kweli, isiyo na kicheko, umweleze habari za tepu. Anaweza kukushangaza, na hata asipokushangaza, ndiye mtu pekee unayemjua aliyelala kwenye kitanda hicho.

Kuhusu zile yadi nne za zambarau. Zitoe kwenye droo kesho. Zifue kwa maji baridi, zianike kivulini. Zikikauka, mwite yule dada yako aliyesema ulizaliwa hivi, mpe tepu, akupime yeye, umesimama wima, mikono chini, macho dirishani, naye asikutajie namba. Aziandike tu kwenye karatasi. Ukate kwa hiyo karatasi, shingo iwe yoyote utakayo. Dera likishakwisha niandikie, unieleze mshono wa kifuani uliupitisha wapi.

Wako,
Shangazi